Mtoto wa Kupanga

Naanza na neno moja ambalo limenikera kwa muda mrefu. Neno lenyewe ni kupanga. Mtu hupanga chumba Kawangware, akalipa kodi kila mwisho wa mwezi, na siku akishindwa, mwenye nyumba humtolea virago nje. Huyo tunamwita mpangaji. Lakini Kiswahili hicho hicho humwita mtoto aliyechukuliwa na wazazi wasiomzaa "mtoto wa kupanga". Je, naye analipa kodi? Naye atatolewa virago siku wakimchoka?

Wenzetu wa Tanzania, hasa maofisa wao wa ustawi wa jamii, wana neno jingine: kuasili. Ndani yake mna asili, yaani chanzo, shina, mahali mtu alipotoka. Kumwasili mtoto, kwa jinsi ninavyolisikia mimi neno hili, ni kumpa shina. Au labda ni kulikubali shina lake liwe lako.

Nataka kueleza jinsi nilivyoliona neno la kwanza likigeuka polepole kuwa la pili, mwaka 2014, hapa Nairobi. Walioligeuza ni watu wanne: mume na mke kutoka Toscana, Italia, mwana wao wa miaka 7, na mtoto wa kike wa Kikenya ambaye alikuwa hajatimiza miaka 2. Majina yao siyataji, kwa kuwa ni mali yao. Mume nitamwita Fundi, maana alikuwa seremala. Mke nitamwita Mwalimu, kwa sababu kwao alifundisha shule ya msingi, ingawa yeye ndiye aliyeniita mimi mwalimu. Mvulana ni Kaka. Mtoto ni Binti.

Kwanza ujue sheria ilivyokuwa. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, mgeni hakuweza kutua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta Jumatatu akaondoka na mtoto Ijumaa. La hasha! Mtoto aliyeachwa ilikuwa lazima aandikwe kwanza katika kitabu cha matukio cha polisi. Miezi 6 ipite, polisi waandike barua kwamba hakuna aliyejitokeza kumdai. Kisha shirika lililosajiliwa litamke kwamba mtoto huyu yuko huru kupangwa. Wazazi nao ilikuwa wawe na miaka 25 au zaidi, na wamzidi mtoto kwa miaka 21 angalau. Waitaliano walikuwa na kizingiti chao pia: mahakama ya watoto ya kwao huwapima kwanza, na sheria yao huwataka wawe wameoana kwa miaka 3 angalau. Baada ya yote hayo, walitakiwa waishi na mtoto hapa hapa Kenya kwa miezi 3 mfululizo ndipo waende mbele ya jaji. Hiyo miezi 3 ilikuwa mwanzo tu wa kungoja. Nyuma yake kulikuwa na ripoti za maofisa wa watoto, mlezi anayeteuliwa na mahakama kumtetea mtoto, tarehe za kesi, cheti, pasipoti, viza. Familia nyingi za kigeni zilikaa Nairobi miezi na miezi.

Familia yangu hii iliingia Januari. Ilipanga vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya masista, upande wa Lavington. Mama yangu alikuwa akifua nguo hapo siku 3 kwa juma. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Novemba 2013 na nilikuwa nyumbani Kawangware nikingoja matokeo, kazi yangu kusoma riwaya za kuazima na kuchota maji. Kutoka kwetu hadi Lavington ni mwendo wa miguu, ingawa ukivuka ile barabara utadhani umevuka mpaka wa nchi. Siku moja mama alirudi akaniambia, "Kuna mzungu anatafuta mtu wa kumfundisha Kiswahili. Nimemwambia nina mtoto anayeongea Kiswahili cha vitabu."

Nilikwenda na daftari langu la sarufi. Mwalimu alilitazama kwa heshima, akalifunga. Kwa Kiingereza cha kuungaunga aliniambia hataki Kiswahili cha simba na twiga, na hicho cha "jambo" amekwisha kukipata ndani ya ndege. Akanipa karatasi aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa na sentensi kama 20 hivi: Unaumwa wapi? Umeota ndoto mbaya? Usiogope. Nipo hapa. Sikwendi mbali. Nitarudi. Unataka nikubebe?

Basi ndipo nilipoelewa kwamba mwanafunzi wangu hakuja kujifunza lugha. Alikuja kujifunza kuwa mama wa mtu mmoja maalumu, na mtu huyo alikuwa haelewi hata neno moja la Kiitaliano.

Irabu zetu hazikuwasumbua, kwa sababu zinakaribiana mno na zao. Kilichowatesa ni herufi. Waitaliano husoma "ch" kama "k". Chai ikawa kai, chakula kikawa kakula, na siku ya kwanza Mwalimu alipobanwa alimwuliza soja wa langoni, "Koo iko wapi?" Soja kwa adabu akamwonyesha shingo yake. Herufi "h" nayo walikuwa wakiimeza. "Nipo hapa" ikawa "nipo apa", na hivyo ndivyo Binti alivyoisikia mara elfu, hata yeye mwenyewe akaanza kusema "apa". Mama yangu alicheka akasema mtoto amekwisha kupata lafudhi ya ukoo.

Maneno mawili hayakuhitaji somo. Mama kwao ni mamma. Na Toscana, tofauti na sehemu nyingine nyingi za Italia, baba huitwa babbo. Fundi aliposikia kwamba kwetu baba ni baba, alikaa kitini akarudia, "Baba, babbo, baba, babbo," kama mtu aliyeokota shilingi yake mwenyewe barabarani.

Lakini Binti hakusema mama wala baba. Kila mwanamke kwake alikuwa "anti", maana ndivyo walezi wa makao ya watoto wanavyoitwa. Mwalimu alikuwa anti. Mimi nilikuwa anti. Sista mkuu alikuwa anti. Alikula haraka haraka bila kuinua macho, na usiku walikuta kipande cha mkate chini ya mto wake. Hawakukiondoa. Waliweka kingine kando ya kitanda ili aone kwamba mkate haukimbii.

Jambo lililomtisha Mwalimu zaidi lilikuwa ukimya. Binti alikuwa halii usiku. Akiamka, alilala macho wazi akiitazama dari mpaka kukuche. Wageni wengine walimsifu: mtoto mtulivu huyu, hana shida! Afisa wa watoto aliyekuja kuwakagua alieleza kinyume. Penye watoto wengi na mlezi mmoja wa zamu, mtoto hulia, haji mtu, hulia tena, haji mtu, mwisho huacha. Si kwamba hana la kulilia. Ameona hakuna faida.

Ilipita Februari. Asubuhi moja ya Machi nilifika nikamkuta Mwalimu amesimama mlangoni, macho mekundu kama hakupata usingizi, uso unang'aa. "Amelia!" aliniambia kabla sijabisha. "Jana usiku amelia! Saa nane! Amelia sana!" Akanikumbatia. Msichana wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo alitutazama, nadhani alituona wendawazimu wawili. Siku hiyo hatukusoma kitu. Tulikunywa kai.

Kaka ndiye aliyetupita sote. Mwanzoni alinuna, maana ameletwa mbali na shule yake na marafiki zake kwa ajili ya mtoto ambaye hata kucheza hajui. Lakini watoto wa mpishi walimtoa uani. Wakamfundisha bano, wakamfundisha kusuka mpira wa karatasi na kamba, na katika muda wa miezi 2 alikuwa anasema "niaje" na "poa" na mengine ambayo sikuyaandika katika daftari. Yeye ndiye aliyegundua kwamba Binti hucheka ukijifanya umeanguka. Alianguka mara nyingi sana mwaka ule. Magoti yake yalikuwa na makovu kama ya mchezaji wa Gor Mahia.

Na Fundi? Mwanamume asiye na kazi ni mgonjwa. Kwa wiki za kwanza alizunguka chumbani akikaza skrubu za vitanda vya masista ambazo hazikulegea. Mwishowe nilimpeleka Ngong Road, penye mafundi wa jua kali wanaopanga vitanda na makabati kando ya lami. Alisimama akiwatazama wakipiga randa, mate yakimtoka. Hakuruhusiwa kufanya kazi ya mshahara nchini, naye hakutaka mshahara. Alishika mbao upande wa pili, akapiga msasa, akapewa chai na andazi. Kiswahili chake kikawa cha aina hiyo: randa, patasi, msumeno, gundi, "leta hapa", "bado kidogo". Alimtengenezea Binti kigoda cha miguu mitatu, na hakikuyumba.

Usidhani mambo yote yalikuwa kicheko. Mei 16 mabomu mawili yalilipuka Gikomba, watu wakafa. Ilikuwa haijatimia hata mwaka tangu Westgate, Septemba 2013. Siku hizo hizo watalii wa Kiingereza walikuwa wakiondolewa Mombasa. Simu kutoka Italia hazikukoma: rudini, mnangoja nini? Fundi alikuwa amekwisha kurudi kwao kazini tangu Aprili, kwa kuwa akiba ilikuwa inayeyuka, na angekuja tena kwa ajili ya kesi. Mwalimu na Kaka walikuwa na pasipoti na tikiti. Wangeweza kupanda ndege usiku ule ule. Binti hangeweza. Mbele ya sheria alikuwa bado mtoto wa makao aliyeazimwa. Basi Mwalimu alifunga dirisha, akaniuliza, "Soko la karibu ni lipi lisilo Gikomba?" Nikamwambia. Tukaenda kununua viazi.

Ilikuwa katika safari kama hiyo, karibu na steji ya matatu za 46, ndipo mama mmoja wa mboga alipotusimamisha. Mwalimu alikuwa amembeba Binti mgongoni kwa leso, kama mama yangu alivyomfundisha. Yule mama aliweka kisu chake cha kukatia sukuma wiki chini, akasema kwa sauti ya kuita watu, "Nyinyi wazungu! Mtoto wetu mnampeleka wapi?"

Watu hukusanyika upesi kwetu. Vijana wawili wa mkokoteni walisimama. Kondakta akatoa kichwa nje. Mimi moyo ulinienda mbio, kwa sababu najua mtaa wangu: neno mwizi likishatamkwa, hakuna anayeuliza jina. Nilifungua kinywa nieleze habari za mahakama, lakini Mwalimu alinitangulia. Wiki ile nilikuwa nimemfundisha wangu, wako, wake. Nilijua anatafuta "huyu ni wangu". Kwa hofu maneno yakagongana kinywani. Alijipiga kifua akasema, "Mimi... mimi ni wake."

Kimya. Kisha yule mama akaangua kicheko. "Wake? Wake wa nani? Kwani mko wangapi?" Steji nzima ikacheka. Kondakta akapiga bati la gari. Mama mboga alifuta machozi kwa kitambaa cha kichwani, akachukua ndizi mbivu, akampa Binti, akamwonya Mwalimu, "Mfunike mtoto kichwa. Jua linamchoma."

Tulipofika nyumbani Mwalimu aliniuliza kosa lake ni lipi, kwa kuwa aliona watu wanacheka. Nilimwambia, sarufi haina kosa.

Hata hivyo sikumwona mama mboga kuwa mjinga, na leo simwoni hivyo. Swali lake lilikuwa swali la haki. Mtoto wetu mnampeleka wapi? Nalo lina ndugu yake, swali la kuumiza zaidi: mbona sisi hatukumchukua? Nilimwuliza mama yangu tukikunja nguo. Alisema Wakenya wanaopanga watoto wapo, ila wengi hufanya kwa siri. Alimjua mwanamke aliyejifunga matambara tumboni miezi yote 9, akaenda "kujifungua" mji mwingine, akarudi na mtoto. Watu wakampongeza. Aliogopa mtoto asije akaitwa wa kuokota.

"Lakini sisi hatuhitaji jaji," mama aliongeza. "Sisi tunalea tu."

Ni kweli. Kwetu kulikuwa na mtoto wa mama yangu mdogo, marehemu. Alikuja kwetu akiwa na miaka 4, hakuna aliyeandika popote, na mimi namwita ndugu yangu kwa sababu ni ndugu yangu. Mwaka ule alikuwa na miaka 13. Mwezi Juni alirudi kutoka shuleni na barua: alete cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya kuandikishwa mtihani, la sivyo jina lake halitaingia. Cheti hakikuwepo. Alizaliwa nyumbani, mama yake hayupo, baba yake hakuna ajuaye aliko. Mama alikwenda huku na huko na kila dirisha lilimwuliza: wewe ni nani wake? Akijibu "mama yake", wanataka karatasi. Akijibu "si mama yake", wanamtaka mama.

Aliyetuonyesha njia alikuwa wakili wa kina Mwalimu, aliyekuja siku moja kuleta hati za kusainiwa. Alimkuta mama anaanua nguo, akakaa naye kwenye ngazi dakika 20, akamweleza habari za kuandikisha uzazi uliochelewa: barua ya chifu, cheti cha kifo cha dada yake, mashahidi. Ilituchukua wiki 7 na nauli nyingi. Cheti kilipotoka mama alikiweka ndani ya Biblia. Tangu hapo sikumsikia tena akisema hatuhitaji jaji. Alisema, "Moyo unalea, lakini langoni wanauliza karatasi."

Julai ilileta msiba. Mama mzazi wa Mwalimu alifariki huko Italia. Fundi alikuwa huko, yeye alikuwa huku, na Binti hangeweza kuvuka mpaka. Kumwacha kwa wageni, mtoto aliyejifunza kulia juzi tu? Mwalimu aliketi kitandani na simu mkononi kwa saa nzima. Kisha akasema hatakwenda. Hakumzika mama yake.

Niliporudi nyumbani na habari hiyo, mama alivua aproni, akachemsha chai, akaijaza katika chupa, tukarudi Lavington usiku tukiwa watatu, na jirani yetu mmoja. Mpishi alikuja. Msichana wa usafi alikuja. Sista wawili walikuja. Tulikaa naye chumbani, wengine kitandani, wengine sakafuni juu ya mkeka. Hakuna aliyehutubu. Kila aliyeingia alimshika mkono akasema, "Pole." Mwalimu aliniuliza baadaye hilo neno lina maana gani hasa, maana tulikuwa tunamwambia pole alipojikwaa, pole alipotoka sokoni na mzigo, na sasa pole kwa mama aliyekufa. Nilitafuta jibu la Kiingereza nikakosa. Nilimwambia ni neno la kumwambia mtu kwamba umeuona uzito alioubeba. Binti alikuwa akipita kati ya miguu ya watu akimgusa kila mmoja goti: "Pole. Pole. Pole." Alipofika kwa Mwalimu alisema, "Pole, mama."

Aliyesema anti kwa miezi mitano. Sitaongeza neno.

Agosti mahakama ilikuwa na likizo yake ya kila mwaka, kwa hiyo kesi ilisikizwa Septemba. Fundi alirudi. Mimi sikuingia, maana mambo haya husikilizwa faraghani. Nilingoja nje na Kaka, tukicheza bano juu ya majani. Walitoka Fundi amembeba Binti mabegani, wakili anacheka, Mwalimu ameshika karatasi kwa mikono miwili. Kaka aliuliza, "Sasa ni dada yangu?" Fundi akamjibu kwa Kiswahili chake cha mbao, "Tangu zamani. Leo msumari tu."

Kabla hawajaondoka Mwalimu aliniletea daftari la kurasa 96, jipya. Aliniomba niandike kila nilichokiona kwa Kiswahili: mkate chini ya mto, kigoda, mama mboga, harufu ya mvua ya Aprili, majina ya walezi wa makao, jina la yule muuguzi aliyekuwa zamu siku Binti alipoletwa na kumpa jina lake la kwanza. Alisema siku moja mtoto atauliza, na hataki ajibiwe na watu ambao kumbukumbu zao ni za Kiitaliano pekee.

Niliandika usiku na mchana. Hicho ndicho kitabu changu cha kwanza, na kina msomaji mmoja. Nilipofika mahali pa mama mzazi, nilimwuliza Mwalimu niandike nini. Tulichojua kilikuwa mistari 3 ya polisi: tarehe, lango la kanisa, mtoto amevikwa sweta ya manjano. Mimi, kama ujuavyo, napenda kutunga. Kichwani nilikuwa na mama wa namna 10: mwanafunzi aliyefukuzwa, mgonjwa, mjakazi aliyedhulumiwa. Mwalimu alisikiliza namna zote 10. Halafu akasema, kwa Kiswahili safi kuliko siku zote, "Usimtungie mama. Acha nafasi."

Niliruka kurasa 2. Niliandika sweta ya manjano juu, basi.

Waliondoka wiki ya mwisho ya Oktoba. Tarehe 27 Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni wote kupanga watoto wa Kenya, kwa sababu ya hofu ya biashara haramu ya watoto. Nilisikia habari hiyo redioni, kwenye kibanda cha kuuzia chapati. Nilijiona nimepasuliwa kati. Upande mmoja nilimsikia mama mboga, safari hii akisema kwa mdomo wa serikali, na sikuweza kusema hana haki, kwa kuwa wezi wa watoto wapo na karatasi hughushiwa. Upande wa pili nilikiona kitanda kingine katika makao yale, na mtoto aliyelala macho wazi akiitazama dari. Tangu hapo, Sheria mpya ya Watoto imepitishwa mwaka 2022, na Mkenya anayetaka kumpanga mtoto kisheria njia anayo. Swali la mama mboga sasa limebaki kwetu wenyewe. Tukisema ni mtoto wetu, tumchukue, tena mchana, bila matambara tumboni.

Binti sasa ni msichana mkubwa. Kiswahili kimemtoka, kama nilivyotarajia, isipokuwa neno pole, ambalo mama yake anasema nyumba nzima hulitumia hata kwa paka. Mwaka jana alianza kusoma daftari kwa msaada wa kamusi na mama yake. Alipofika kwenye zile kurasa 2 aliuliza mbona hazina kitu. Aliambiwa ni za mama yake wa kwanza, na kwamba aliyeandika hakumjua. Mwalimu ananiandikia kwamba hakulia. Aliuliza tu sweta iko wapi.

Mimi sasa naandika riwaya, nikiwa karibu kutimiza miaka 30 na bila mchapishaji. Ndani yake yumo mtoto wa kuasiliwa. Hilo ndilo neno nililolichagua, hata kama wasomaji wa Nairobi watalikodolea macho. Rafiki yangu aliyesoma sura 6 za mwanzo ananilalamikia: wasomaji watataka kumjua mama mzazi, kwa nini unawanyima? Nimeshaandika sura hiyo mara 3 na mara 3 nimeichana. Katika riwaya nina ruhusa ya kutunga, hilo nalijua. Lakini nina msomaji mmoja Toscana ambaye siku moja huenda akaisoma, kamusi mkononi. Nanyi mnaoandika, ningependa kusikia mngefanyaje.